Breki Isiyoacha Alama

Kabla ya ajali ile, watu wa Kianjokoma walikuwa wakimtumia Njiru kama kipimo. Mtu akitaka kumsifu dereva yeyote alisema, "Huyo anaendesha kama Njiru," na mazungumzo yakaishia hapo. Mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata wakati wa jua kali, na alikuwa na mazoea ya kulizunguka gari kabla ya kuingia, akipiga kila tairi teke dogo kana kwamba anaamsha ng'ombe.

Udereva alijifunza kwenye lori la mbao la mfanyabiashara mmoja wa Runyenjes, miaka ile ambayo barabara ya kwenda Meru ilikuwa bado ya udongo. Lori lilikuwa zee na breki zake zilikuwa za kubahatisha. Ukizikanyaga na kushikilia kwenye mteremko wenye tope, magurudumu yalijifunga na lori likateleza zima zima kuelekea bondeni. Kwa hiyo Njiru alifundishwa kupampu: kanyaga, achilia, kanyaga, achilia, upesi upesi, mpaka mzigo utulie. Baada ya miaka mingi hakuhitaji hata kufikiria. Mguu wa kulia ulifanya kazi hiyo wenyewe, jinsi mama anavyomtikisa mtoto mgongoni huku anapika.

Lori lilipouzwa, alipata kazi katika mradi wa maji uliokuwa na ofisi mjini Embu. Hapo alikaa muda mrefu akiendesha pikapu ya mabomba. Alijenga nyumba ya mawe Kianjokoma, akapanda chai, na mkewe Winfred akawa mtu wa kuichuma na kuipeleka kituo cha kununulia majani. Watoto walikua wakaondoka. Yalikuwa maisha ya kawaida, na Njiru aliyapenda kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka wa 1996 meneja wa mradi, Bwana Mbaka, alileta gari jingine. Lilikuwa stesheni wagoni nyeupe, iliyotumika Japani kwanza kabla ya kushushwa Mombasa, kama magari mengi ya wakati huo. Redio yake ilishika stesheni chache tu, na pale mbele kulikuwa na maandishi ambayo hakuna mtu ofisini aliyeweza kuyasoma. Ukiliwasha, kitaa kimoja cha njano kiliwaka kidogo kisha kikazima.

"Na hii ni ya nini?" Njiru aliuliza.

"Mambo ya breki," Mbaka alisema. "Ikizima iko sawa. Ikikataa kuzima ndiyo uniambie."

Hayo ndiyo mafunzo yote aliyopewa.

Ajali ilitokea Novemba, mchana, mvua za vuli zikiwa zimeshika kweli kweli. Njiru alikuwa peke yake, akienda Meru kumchukua injinia wa mradi. Alipita Chuka, akapita Igoji, na alipokaribia Kanyakine akakuta mteremko una maji yanayotiririka juu ya lami. Hakuwa anakimbia. Mbele yake, mwanamke mmoja alitoka upande wa kushoto, kiondo mgongoni, gunia la nailoni kichwani la kujikinga mvua, akaanza kuvuka. Alikuwa anatembea tu, kama mtu anayeijua barabara yake. Mvua ilikuwa kubwa na hakulisikia gari.

Njiru akakanyaga breki.

Alichokisikia chini ya kiatu hakuwahi kukisikia maishani mwake. Pedali ilitetemeka. Ilimrudishia mguu, tr-r-r-r, kama kitu chenye uhai kilichokanyagwa mkia, na mahali fulani chini ya boneti kukatoka sauti ya kusaga. Akajua breki zimevunjika. Mguu ukafanya ulichojua: ukaachilia, ukakanyaga, ukaachilia. Kila alipokanyaga, mtetemo ule ule. Mwanamke akageuza kichwa, akasimama katikati ya barabara akilitazama gari. Njiru akakata usukani, lakini gari lilikuwa limekwisha kumfikia. Kona ya mbele ilimpiga pajani, akarushwa hadi ukingoni, na vitunguu vilivyokuwa kwenye kiondo vikatawanyika kwenye mtaro.

Jina lake lilikuwa Jedidah. Nyumbani aliitwa Mama Kaberia, kwa jina la mwanawe mkubwa. Njiru alimbeba yeye mwenyewe, akasaidiwa na watu wa sokoni, wakampeleka hospitali kwa gari lile lile. Njia nzima aliliendesha kama anayebeba mayai, maana aliamini halina breki. Halafu akaenda kituo cha polisi kujisalimisha.

Polisi walienda kuangalia mahali penyewe mvua ilipopungua. Sajini aliyepima barabara alirudi na jambo moja.

"Mzee, unasema ulishika breki?"

"Nilishika, afande. Ikanitetemesha mguu. Nikajua imekufa."

"Kama ulishika, alama za tairi ziko wapi? Hakuna hata moja. Mtu akishika breki ya nguvu, tairi inachora lami. Wewe hukushika."

Kesho yake mkaguzi wa magari wa polisi aliliendesha stesheni wagoni uani, akalisimamisha mara kadhaa, akaandika kwamba breki zote nne zinafanya kazi sawasawa. Basi hayo yakawa maneno mawili, na kati yake hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama: breki ni nzima, na hazikushikwa. Njiru akashtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu na kumjeruhi mtu. Bwana Mbaka alikuja kumtoa kwa bondi. Njia nzima ya kurudi Embu hakumwangalia.

"Utakaa nyumbani mpaka kesi iishe," Mbaka alisema walipofika. "Usifikirie vibaya. Ni watu wa bima wamesema hivyo."

"Na wakili?"

"Kesi ni ya dereva, Njiru. Si ya mradi."

Wiki iliyofuata Njiru na Winfred walienda hospitali kumwona mgonjwa. Winfred alibeba uji wa wimbi kwenye thamosi. Mlangoni mwa wodi walikutana na Kaberia mwenyewe, kijana mwenye mabega mapana aliyekuwa akiendesha pikapu za miraa kutoka Maua hadi Nairobi.

"Wewe ndiye ule dereva?" Kaberia aliuliza.

"Ni mimi, kijana wangu. Tumekuja kusema pole."

"Pole ya nini? Mimi naendesha usiku kucha na sijagonga hata kuku. Dereva gani hajui breki iko wapi? Rudini kwenu. Tutaonana kotini."

Winfred aliiweka thamosi chini kando ya mlango, wakaondoka. Ndani ya basi alimgeukia mumewe, akasema, "Baba Mwaniki, lakini ulishika. Si ulishika?"

"Nilishika," Njiru akasema. Lakini alikuwa ameanza kuulizwa swali hilo na watu wengi mno, na kila alipolijibu, jibu lilikuwa likipungua uzito.

Kesi ilianza mwaka uliofuata katika mahakama ya Meru. Kusema ilianza ni kuipa heshima isiyostahili. Siku ya kwanza faili halikupatikana. Siku ya pili hakimu alikuwa likizo. Siku nyingine sajini aliyepima barabara alikuwa amehamishwa kwenda mbali, na nyingine kiongozi wa mashtaka alisema mashahidi hawakupata wito, ilhali Jedidah alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi, magongo yake mawili yameegemezwa ukutani. Kila mara karani alisoma tarehe nyingine, na watu wakainuka kutoka.

Kwa Njiru, kila tarehe ilimaanisha kuamka kabla ya jogoo, kutembea hadi stendi, kwenda Embu, kupanda gari la Meru, kupita mteremko ule ule wa Kanyakine akiwa amefumba macho, kukaa kwenye benchi, kusikia tarehe, na kurudi akifika nyumbani giza limeingia. Winfred alikuwa akimwekea chakula. Mara nyingine alikikuta kimepoa, akakaa tu akikitazama, hana nguvu ya kukipasha moto wala ya kukila.

Mwanzoni Kaberia alimleta mama yake na kukaa kati ya mama huyo na Njiru kama ukuta. Lakini miraa hunyauka upesi na kazi yake haisubiri mtu, na baada ya tarehe kadhaa akaacha kuja. Jedidah akawa anakuja peke yake. Mguu ulikuwa umeunga vibaya, ukawa mfupi, na ngazi za mahakama zilikuwa zikilowa mvua. Siku moja Njiru alimwona amesimama chini ya ngazi akizitazama. Akasita, kisha akashuka, akampa mkono bila kusema neno. Jedidah aliutazama ule mkono. Halafu akaushika.

Tangu siku hiyo wakawa wanakaa benchi moja. Yeye aliongea Kimeru, Njiru akamjibu kwa Kiembu, na walichokosa kuelewana walikijaza kwa Kiswahili. Jedidah alikuwa akibeba nduma za kuchemsha zilizofungwa kwa jani la mgomba. Njiru alinunua chai kwa mama aliyeuza nje ya lango. Hawakuongea juu ya ajali. Waliongea juu ya bei ya chai kituoni, juu ya ng'ombe wa Jedidah aliyekataa kushika mimba, juu ya magoti.

Askari mmoja wa mahakama aliwaona. "Nyinyi wawili hamruhusiwi kuongea. Huyu ni mshtakiwa, na wewe mama ni shahidi wa serikali."

"Kijana," Jedidah alimwambia, "mimi na huyu mzee tumechoka pamoja. Kama kuna sheria ya kukataza watu kuchoka pamoja, niletee niione."

Askari akacheka, akawaacha.

Ilikuwa katika mojawapo ya safari hizo kwamba Njiru alipita kwa Shueib. Shueib alikuwa fundi wa magari Majengo, mjini Meru, mtu wa familia ya Waislamu waliokuwa wakisafirisha bidhaa hadi Isiolo. Njiru alimjua tangu enzi za lori la mbao. Hakwenda kutafuta ushauri. Alikwenda kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na gereji ilikuwa na paa. Lakini Shueib alimuuliza habari, naye akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokwisha kukariri.

Alipofika kwenye mtetemo, Shueib aliweka spana chini.

"Ngoja. Ilikutetemesha mguu? Na ikasaga?"

"Kabisa."

"Na gari ni ya Japani, ya juzi juzi, iko na taa ya njano inawaka ukiwasha?"

"Iko nayo."

"Mzee, hiyo breki haikuwa imekufa. Ilikuwa inafanya kazi." Shueib alijipangusa mikono na kitambaa. "Kuna tajiri mmoja wa Maua aliniletea gari kama hiyo, akasema pedali inampiga teke, nimtengenezee. Nikakesha nayo. Ndani iko na kompyuta ndogo. Tairi ikitaka kujifunga, kompyuta inaachilia breki, inashika tena, inaachilia, upesi kuliko mguu wa mtu yeyote. Kule kutetemeka ndiko kupampu kwenyewe. Gari linakupampia. Wewe kazi yako ni kukanyaga na kushikilia tu, usiachilie."

Njiru aliutazama mguu wake wa kulia.

"Na ndiyo maana hakuna alama kwenye lami," Shueib aliendelea. "Tairi haikujifunga. Sasa wewe ulipoachilia na kukanyaga upya, kila mara ulikuwa unaikatiza ikiwa kazini."

Mvua iliendelea kupiga mabati. Njiru alikaa juu ya tairi kuukuu, mikono katikati ya magoti. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akijitetea kwamba breki zilivunjika. Sasa alikuwa ameambiwa kwamba hazikuvunjika, na kwamba aliyekosea ni mguu wake, na kwamba mguu ulikosea kwa kufanya sawasawa jambo ambalo ulifundishwa. Hakujua aone nafuu au aone aibu. Alichoona ni uchovu tu, ule wa kukaa mifupani.

"Kama ningeshikilia, ingesimama?" aliuliza mwishowe.

"Mimi sikuwa hapo, mzee. Pengine. Maji yalikuwa mengi."

"Utakuja kotini useme hayo?"

Shueib alitazama nje. "Usinifanyie hivyo. Magari ya polisi yanatengenezwa hapa. Nikisimama kule nipingane na mkaguzi wao, kesho nitakula nini? Na tena mimi sina karatasi ya shule yoyote. Wataniuliza nimesomea wapi hiyo kompyuta." Akaiokota spana yake. "Nisamehe."

Njiru alimsamehe. Hata kukasirika kulihitaji nguvu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1997 mvua za El Nino zilikuja. Milima iliporomoka, madaraja yakaenda. Tarehe moja Njiru alikwama ng'ambo ya Chuka, barabara ikiwa imefunikwa na udongo, akalala ndani ya basi, na kesho yake akavuka kwa miguu na kupanda gari la upande wa pili. Alifika mahakamani akiwa na tope hadi kiunoni, akakuta hati ya kumkamata imeshatolewa kwa kutohudhuria. Walimweka seli hadi siku iliyofuata. Alipoletwa mbele ya hakimu hakuwa na hata neno la kujitetea. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alisoma hati, akamtazama kofia hadi viatu.

"Ni nini kilikuzuia?" aliuliza, na karani akatafsiri.

"Barabara, mheshimiwa."

"Barabara imefanya nini?"

"Imeenda."

Hakimu alifuta hati. Kisha, kama mtu ambaye naye amechoka, akasema kwamba tarehe ijayo kesi itasikizwa, mashahidi wawepo wasiwepo.

Na ikasikizwa kweli. Sajini alirudishwa kutoka alikohamishwa, akaeleza kwamba lami haikuwa na alama. Mkaguzi akaeleza kwamba breki zilikuwa nzima. Alikuwa mtu mwaminifu. Njiru alipopewa nafasi ya kumuuliza swali, akauliza kama kuna gari linaloweza kujipampia breki lenyewe, mkaguzi alifikiri kidogo, akasema, "Nimesikia yapo. Hilo sikulifungua kuangalia. Kazi yangu ilikuwa kuona kama linasimama, na lilisimama."

Halafu akaitwa Jedidah. Kiongozi wa mashtaka, inspekta mwenye sauti nzito, alikuwa amemweleza nje kwamba dereva akipatikana na hatia, madai yake ya fidia yatakuwa rahisi. Alikuwa amemweleza kwa wema. Jedidah alipanda kizimbani kwa gongo moja, akaapa.

"Mama, eleza mahakama. Huyu dereva alishika breki?"

"Alishika."

Inspekta akainua kichwa. "Ulijuaje kwamba alishika? Wewe ni dereva?"

"Mimi sijui kuendesha hata wilbaro," Jedidah alisema kwa Kimeru, na mkalimani akatafsiri. "Lakini nilikuwa naiangalia. Ilikuwa inakuja kwangu mimi."

"Uliona nini?"

"Iliinama mbele, kama ng'ombe akinywa maji. Ikasaga, gr-r-r-r, kama mashine ya posho. Ikainuka. Ikainama tena, ikasaga tena. Hivyo mpaka ikanigonga. Nikamwona mzee uso. Alikuwa anapigana nayo."

Inspekta alipekua karatasi zake. "Mama, kwa polisi hukusema hivyo."

"Hawakuniuliza. Waliniuliza kama nilikuwa natumia barabara vizuri."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Chumba kizima kilisikia kalamu yake. Kisha akamuuliza Jedidah yeye mwenyewe, kwa Kiswahili: "Mama, mtu huyu amekuvunja mguu. Kwa nini unamsemea?"

"Simsemei, mheshimiwa. Nasema iliyotokea, tuende nyumbani."

Njiru naye alitoa ushahidi wake. Hakusema tena kwamba breki zilikufa. Alieleza mtetemo, akaeleza jinsi alivyoachilia mguu na kupampu, akaeleza kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia gari lile linataka nini kwake. "Nilifanya vile najua," alisema. "Vile najua haikuwa ya hiyo gari." Alikuwa amesikia kwamba kukiri hivyo kunaweza kumfunga. Aliongea hata hivyo, akishikilia ubao wa kizimba kwa mikono miwili.

Hukumu ilisomwa katikati ya mwaka wa 1998. Hakimu alisoma kwa Kiingereza na karani akafuata kwa Kiswahili kilichochoka. Alisema kukosekana kwa alama kwenye lami si ushahidi wa kutosha kwamba breki hazikushikwa, na kwamba mlalamishi mwenyewe ameona gari likijaribu kusimama. Alisema sheria iliyo mbele yake inamjua dereva, inamjua mwenye gari, na inajua breki. Gari linaloamua lenyewe lini lishike na lini liachilie, sheria haijaandikiwa. Hataki kumfunga mtu kwa ajili ya nafasi hiyo tupu. Kuna shaka, na faida ya shaka ni ya mshtakiwa. Akamwachilia.

Njiru alitoka nje, akasimama kwenye jua. Alikuwa amefikiri siku hiyo ikifika angelia, au angecheka, au angepiga magoti. Alitafuta ndani yake kitu cha namna hiyo, hakukiona. Jedidah alitoka nyuma yake, akashuka ngazi taratibu akimshika bega.

"Sasa hatutaonana tena kwa hiyo benchi," alisema.

"Mungu atuepushe nayo, mama."

"Mimi bado. Wakili wangu anasema sasa ndiyo anaanza. Ya fidia." Alitikisa kichwa. "Anasema umeachiliwa, kwa hivyo watu wa bima watasumbua."

Njiru alikuwa hajafikiria hilo. Alisimama pale akihisi furaha ndogo aliyokuwa nayo ikimtoka. Alimsindikiza hadi kwenye gari la Kanyakine, akamsaidia kupanda, akamshikia gongo mpaka alipokaa.

Kazini hakurudi. Bwana Mbaka alimpokea vizuri, akamwagizia chai, akampongeza, kisha akamwambia kwamba nafasi ilikuwa imejazwa, maana mradi haungeweza kukaa bila dereva muda wote ule. Kupitia dirishani Njiru aliona stesheni wagoni nyeupe uani, taa ya mbele imebadilishwa, na dereva mpya, Mwongera, akilipangusa kwa kitambaa. Alipotoka alikwenda kwake.

"Kijana, hiyo gari ukikanyaga breki ya ghafla itakutetemesha mguu. Usiogope. Shikilia tu. Usiachilie hata ukisikia inasaga."

Mwongera alimtazama kwa heshima na mashaka. "Sawa, mzee."

"Sema tena."

"Nishikilie, nisiachilie."

Alipata vibarua vya hapa na pale, siku moja lori la mchanga, siku nyingine gari la harusi. Mara nyingi alikataa. Alikuwa akianza kutoa jasho kila mvua ilipoanza kunyesha. Winfred hakumsukuma. Asubuhi moja tu alimtundikia kikapu cha chai begani, kana kwamba ni jambo la siku zote, wakaenda kuchuma pamoja.

Mwaka uliofuata mtu wa kampuni ya bima alifika Kianjokoma, kijana mwenye suti na viatu vilivyoshika tope jekundu. Walimkaribisha ndani. Alitoa karatasi zilizopigwa chapa tayari, akazisukuma juu ya meza.

"Ni maelezo mafupi, mzee. Kwamba yule mama aliingia barabarani ghafla, akikimbia. Uweke sahihi hapa. Wewe umeachiliwa, hakuna kitu kitakurudia."

Njiru alizisoma polepole, maana macho hayakuwa kama zamani.

"Hakukimbia," alisema.

"Ni namna ya kusema tu. Alitokea ghafla."

"Alikuwa anatembea. Mimi ndiye niliachilia breki, kwa sababu wenye gari walinipa kitu ambacho hawakunifundisha. Hiyo ndiyo ilitokea. Ukiandika hivyo nitaweka sahihi."

Kijana alijaribu tena, kwa njia ya upole, kisha kwa njia nyingine isiyo ya upole sana. Akasema mradi hautafurahi. Akasema mambo haya yanaweza kumrudisha kotini, safari hii kama shahidi, na kesi za fidia huchukua miaka. Njiru alisikiliza yote. Aliposikia neno kotini alifumba macho kidogo, na Winfred akaona bega lake likishuka.

"Wakiniita nitaenda," Njiru alisema. "Kunywa chai, inapoa."

Hawakumwita. Wakili wa Jedidah na watu wa bima walielewana kabla ya kufika kwa hakimu. Kilichotolewa kilikuwa kidogo kuliko alivyoahidiwa, na habari hizo Njiru alizipata kwa Kaberia, aliyesimamisha pikapu yake Kianjokoma siku moja akiwa anatoka Nairobi bila mzigo. Hakuingia ndani. Alisimama langoni, akatoa mfuko wa nduma, akasema mama amemtuma.

"Anaendeleaje?" Njiru aliuliza.

"Anatembea. Polepole." Kaberia alikuna kidevu. "Anasema usiende kumwona kama kuna matope. Utaanguka."

"Mwambie nimeshukuru."

Kaberia alirudi kwenye pikapu, akaingia, akakaa kidogo bila kuwasha. Kisha akawasha, akaondoka taratibu kuliko walivyozoea watu wa miraa. Njiru alimpelekea Winfred nduma jikoni. Ilikuwa siku ya kupeleka majani kituoni, na foleni ingekuwa ndefu, basi wakabeba vikapu vyao, wakashuka njia ya mashamba.